Sauti Moja, Makoo Matatu

Nilikuwa nasimamia kompyuta za hospitali ndogo ya binafsi mjini Meru. Fundi wetu alipoacha kazi, tulitangaza nafasi, na barua zikaja rundo zima, vyeti vimepigwa mihuri, kila mtu mtaalamu. Mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka. Fundi mmoja wa awali alikuwa na vyeti vitatu, akafuta rekodi za wagonjwa za wiki nzima, kisha akatuambia ni virusi. Safari hii nikaamua kuwahoji wote kwa simu kwanza. Watakaofaulu, waje wakae mbele ya mashine mbovu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Embu. Nikamwuliza: kompyuta ya maabara imekataa kuwaka, utaanzia wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwanza ningeuliza nani aliigusa mwisho. Mashine haisemi uongo, lakini watu husema."

Nikatabasamu. Hilo halikuwa jibu la kitabuni.

Alasiri nikampigia msichana mmoja wa Nchiru aliyekuwa amemaliza chuo juzi tu. Swali lile lile. Kimya kile kile. "Kwanza ningeuliza nani aliigusa mwisho. Mashine haisemi uongo, lakini watu husema." Sauti ilikuwa yake, nyembamba, yenye lafudhi ya kwetu, lakini maneno yalikuwa ya yule kijana. Kesho yake mwanamume wa makamo akanipa sentensi hiyo hiyo, akipumua pale pale baada ya neno "uongo". Nilihisi nimezungumza na mtu mmoja anayevaa makoo ya wengine.

Niliwaita wote watatu, nikaanza na msichana. Nilikuwa nimechomoa memori kwenye kompyuta moja na kufunga kifuniko. Akabonyeza swichi. Mashine ikalia mara tatu, skrini ikabaki nyeusi. Akaweka mikono juu ya kibodi kama mtu anayegusa maiti, akangoja. Chumba kilikuwa kimya, na katika ukimya ule nikasikia mnong'ono ukitoka kwenye nywele zake za kusuka.

"Kuna nani huko?" nikauliza.

Alianza kulia. Akachomoa kidude cha simu sikioni, akakiweka mezani. Mnong'ono haukukoma. Nikakiokota, nikakisogeza sikioni mwangu.

"Usiogope," sauti ya mwanamume ilikuwa ikisema, taratibu. "Yeye mwenyewe ametoa memori. Mwambie akurudishie."

Niligeuka kutazama dirisha, mlango, hata dari. Nilikuwa peke yangu nilipoichomoa.

"Umeniona wapi?" nikauliza.

"Sijakuona, madam. Nimesikia mashine ikilia mara tatu; hulia hivyo ikikosa memori, na huu ni mtihani."

"Wewe ni nani?"

"Niliwahi kuomba kazi kwenu. Mara mbili." Akanitajia jina lake, akakata simu.

Jioni nikafungua faili la waliokataliwa. Barua zake zilikuwamo zote mbili. Alieleza miaka yake ya kazi, na mwishoni akaandika kwamba presha ya macho ilikuwa imemwacha haoni kabisa. Juu ya barua ya pili palikuwa na mwandiko wangu: *Hafai.* Sikukumbuka kuliandika neno lile.

Jumamosi nilikwenda Embu kwa anwani ya barua zake, nikamtafuta katika mtaa wa huko uitwao Dallas. Dada yake alinifungulia, akaninyooshea chumba cha nyuma. Ilikuwa saa sita mchana, lakini mle ndani palikuwa giza tupu, mapazia yamefungwa, na gizani sauti zisizo za binadamu zilikuwa zikisoma maneno kwa kasi ya kutisha, moja juu ya nyingine. Nilisimama mlangoni.

"Karibu, madam," akasema kabla sijafungua kinywa. Akagusa kitu, zile sauti zikanyamaza. "Ni kompyuta zangu, zinanisomea."

Nilimwuliza kwa nini anawajibia watu wasiojua kazi.

"Nikijibu mimi, mnasoma hadi kwenye macho mnaacha," akasema bila hasira. "Wakijibu wao, angalau kuna mahali najibu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe; aliniuliza tu mashine ipi inatusumbua, na nilipotaja seva inayozimika ovyo, akauliza ikizimika inatoa mlio gani. Nikaiga mlio kwa mdomo, kama mtoto. Akasema ni feni. Ilikuwa feni.

Bosi wangu alikataa katakata kumwajiri, kisha akakubali miezi mitatu ya majaribio. Wale watatu hatukuwachukua, ingawa yule msichana alirudi baadaye kuomba afundishwe, na aliyemfundisha, ana kwa ana, ni yule fundi asiyeona.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Alikuwa fundi bora kuliko mimi. Hata hivyo kuna siku alizokuwa akiinua kichwa ghafla katikati ya mazungumzo, akigeukia ukuta mtupu, na kusema, "Hiyo mashine inakufa." Nami nilikuwa sisikii kitu.