Niliwahisha Moto, Mama Kandida Akachelewa

Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Injini bado inaunguruma!

Uchawi? Hapana. Ni mimi.

Mwaka 1983, Babati. Petroli ya shida, na ukiipata imechanganywa na mafuta ya taa. Mimi ndiyo nimetoka chuo na diploma ya ufundi magari. Kichwa hakiingii kofia.

Fabiani wa Mutuka akaleta Land Rover yake gereji pale Bagara, inakatakata. Nyuma kalala mkewe, Mama Kandida, uchungu umeshaanza, wanaelekea hospitali kule juu mlimani.

Bosi wangu, Mzee Yoakimu, akasafisha plagi. Akaenda kunawa.

"Konstantini, wahisha hiyo gari!"

Alimaanisha niitoe haraka.

Ila gereji, kuwahisha ni kuwahisha moto. Petroli haiwaki yote kwa mpigo, kwa hiyo plagi hupiga cheche kabla pistoni haijafika juu. Gari likikimbia, vyuma ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi moto, vinaiwahisha zaidi.

Nikakagua. Moto umechelewa!

"Mzee wa darasa la nne huyu," nikacheka. Nikazungusha distribyuta mpaka kipimo cha kitabuni.

Fabiani akakaa nyuma na mkewe, nikashika usukani mimi, Mzee Yoakimu pembeni yangu. Mlimani injini ikaanza kugonga. Ka-ka-ka-ka! Nikazima, nikachomoa ufunguo. Ikakataa kuzimika. Halafu pa! Pistoni imetoboka.

Mzee Yoakimu akafungua boneti, akatazama distribyuta.

"Nilichelewesha makusudi," akanong'ona. "Mafuta haya ya kuchanganywa, ukiwahisha moto yanalipuka yenyewe, yanaipiga pistoni ikiwa bado inapanda."

Fabiani akamkaba shati. "Mzee, unaniulia mke!"

Mzee akanitazama. Akasubiri.

Nikatazama viatu vyangu.

"Nisamehe, baba," akasema yeye. "Gari limetoka mikononi mwangu."

Tukambeba Mama Kandida kwenye blanketi, kilomita tano. Kila akilia, mimi naongeza mwendo. Akajifungulia barazani hospitali. Wa kiume, mzima.

Fabiani akanikumbatia, analia. "Kijana, umembeba mke wangu mlima mzima. Mtoto ni Konstantini!"

Kisha akamgeukia Mzee Yoakimu. "Wewe, gari langu usiliguse tena."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akarudi Babati kwa miguu, peke yake.

Nilikuja kusema ukweli baada ya miaka miwili. Kwa Fabiani, maana mzee tulishamzika.

Wadogo zangu, kosa lako liseme mwenye kubebeshwa angali anasikia.

Konstantini mdogo leo ni fundi. Ananiamkia, "Shikamoo wajina." Naitikia huku natazama viatu.