Sauti ya Shangazi Niliyoifuta

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyofuta sauti ya shangazi yangu. Umekuja kuniaga unakwenda kuanza kazi televisheni, na wote hapa Nangwa wanakuambia una bahati, mjukuu wa mtangazaji. Kaa kidogo. Habari za watu wengine nimezisimulia nusu ya maisha yangu, lakini hii yangu, ukimtoa padri, sijamwambia mtu.

Wakati wa vijiji vya Ujamaa sisi wa bara televisheni hatukuwa nayo. Nilianza redioni, kijana wa miaka ishirini na kitu, suruali pana na kiburi kingi. Nilipewa kinasa sauti kizito cha kuning'iniza begani, na kanda mbili tu kwa safari nzima. Zikijaa, unachagua cha kufuta, unarekodi juu yake. Ndivyo tulivyofanya kazi, wala hatukuona ajabu.

Safari moja nilitumwa nyumbani, Mbulu na Hanang, kuleta habari za watu kuhamia vijijini. Nikapita kwanza upande wa Masieda kwa shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikaa mlimani na binti yake wa mwisho, Paulina, kwenye tembe la udongo lililochimbiwa kwenye mteremko. Wazee wa pale walikuwa wameambiwa wahamie bondeni, na walikuwa na neno la kusema. Wakakubaliana aliseme shangazi, kwa sababu redio ilikuwa ya mtoto wake.

Shangazi alikuwa mtu wa Kiiraqw. Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Lakini alikataa kutafsiriwa. "Nataka wasikie mimi," alisema. Siku mbili nzima Paulina alimfundisha, wakikamua ng'ombe, wakipalilia, shangazi akirudia maneno na Paulina akicheka mpaka anakaa chini. Siku ya tatu akavaa kitenge chake kipya, akaketi mbele ya kipaza sauti, akasema bila kukwama:

"Mimi nimezaliwa huku mlimani. Kule chini mvua ikinyesha maji hayaendi. Nguzo ya tembe inazama kwenye udongo mweusi, na dari yetu ni udongo, ni nzito. Sisi hatukatai kuhama. Tunaomba tuhame baada ya mvua, tujue kwanza pa kujenga."

Basi, hayo tu. Nikamwahidi yatasikika kwenye habari za mchana wiki ileile. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja.

Keshokutwa yake nilikuwa huku Hanang, kwenye sherehe ya kijiji kipya. Kanda moja ilikuwa imejaa ngoma na vigelegele, kanda nzuri kweli. Nyingine ilikuwa ya shangazi. Kiongozi mmoja akasimama kwa hotuba ndefu ya kujaza kanda nzima, na nilijua hotuba ile ndiyo itakayonifikisha Dar es Salaam. Nifute ipi? Nakuambia ukweli, sikufikiri hata dakika. Nilijiambia shangazi ni wa nyumbani, hana pa kwenda, nitapita tena nimrekodi upya. Nikabonyeza, nikarekodi hotuba juu ya maneno yake.

Sikupita tena. Gari la kurudi lilikuwa tayari, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nilipoandaa taarifa yangu nikaona inahitaji sentensi ya kuunganisha hotuba na ngoma. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba wananchi wa Masieda nao wamekubali kuhamia bondeni. Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Si walisema hawakatai? Nilijidanganya hivyo, na taarifa ikapendeza masikioni.

Yaliyotokea mlimani nilisimuliwa baadaye na mwalimu wa shule ya pale, mtu wa Same aliyekuwa na redio. Siku ile wote walikusanyika darasani kwake. Shangazi alikaa mbele na kitenge chake. Wakasikiliza hotuba, wakasikiliza ngoma, kisha wakanisikia mimi. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, redio imesema tumekubali?" Mwalimu akajibu ndivyo ilivyosema. Watu wakaanza kunung'unika, na shangazi ndiye aliyewanyamazisha.

"Yule ni mtoto wetu," alisema. "Maneno anayo. Kama amesema tuhame, ameona kule kwa wakubwa mambo yameshapangwa. Tuhame."

Yeye akawa wa kwanza kubomoa tembe lake.

Mwanangu, ningefuta maneno yake nikanyamaza tu, wangeendelea kungoja. Walikuwa wameshaamua kungoja. Ni sentensi yangu iliyowashusha.

Mvua zilipoanza, maji yakasimama bondeni kama alivyosema. Asubuhi moja shangazi alikuwa nje anakamua, Paulina ndani anachemsha chai. Nguzo ikazama, dari ikashuka yote. Walimchimbua kwa majembe na kwa mikono. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilifika tayari wameshazika. Nikamkuta shangazi amekaa kwenye jiwe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Hakulia mbele yangu. Akaniuliza jambo moja: "Yale maneno yangu uliyaweka wapi?"

Nikamjibu, "Shangazi, niliyafikisha. Wakubwa waliyakata."

Hakuna mkubwa aliyeyakata. Hakuna mkubwa aliyewahi kuyasikia. Watu wengi wa kazi yangu wana malalamiko yao ya kweli juu ya wakubwa, na mimi nilijificha nyuma ya malalamiko hayo. Shangazi akanitazama, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. "Pole, mwanangu," alisema. "Na wewe walikuumiza." Mama aliyefiwa akanipa pole mimi! Akawaeleza majirani wote kwamba mtoto wao alijitahidi. Wakanichinjia kondoo, na mimi nikala.

Baada ya hapo nilipanda. Nikawa mtangazaji wa Dar es Salaam, na televisheni ilipokuja nikahamia huko nikiwa mtu mzima, na nyinyi mkaiona sura yangu. Kazi ilikuwa inaniozea mikononi. Kila nilipomsogezea mfiwa kipaza sauti, nilimwona shangazi anarudia maneno yake kwenye shamba la mahindi. Siku moja nilitumwa kwenye mafuriko, mama mmoja akaniomba niseme hivyo hivyo alivyosema yeye. Nikarudi kwenye gari nikashindwa kushuka tena. Nikaacha. Nikafundisha shule, nikauza vipuri vya baiskeli, mwisho nikarudi hapa Nangwa kulima ngano na maharage. Watu husema nilichoka mji. Acha waseme. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyonipa usingizi.

Shangazi aliishi miaka mingi. Alipolazwa hospitali ya Haydom nilikwenda kwa basi, nimeazimia kumwambia. Alinitambulisha kwa muuguzi: "Huyu ndiye wa redio. Alitusemea, wakamkata." Muuguzi akatabasamu. Nikaona aibu kusema mbele ya mgeni, nikajiambia nitamwambia kesho tukiwa wawili. Kesho yake kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Alikufa akinipenda kwa jambo ambalo sikulifanya.

Nimeomba kwa Mungu, nimeungama kanisani, na padri akaniambia nimesamehewa. Huenda. Lakini aliyekuwa na haki ya kunikasirikia sikumpa nafasi ya kukasirika, na sasa hakuna wa kumrudishia nafasi hiyo. Sina dawa ya hili. Sikuiti unifariji, na usijaribu.

Ninalokuusia ni hili. Huko uendako watakufundisha kamera na taa. Hawatakufundisha kwamba utakuwa mwepesi kumkata mtu wa kwenu kuliko mgeni, kwa kuwa unamjua na atakusubiri. Usimsubirishe. Usiseme kwa niaba ya watu neno ambalo hawakulisema, hata likipendeza, maana watakuamini kuliko wanavyojiamini wenyewe. Na siku utakapokosea, maana utakosea, nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, jua likiwa bado juu, useme, "Ni mimi." Mwache akutukane. Mwache akufukuze.

Sasa piga magoti nikuwekee mkono. Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi mkweli na wasikilizaji wema. Akupe ule ujasiri alioninyima, au alionipa nikaukataa. Na akupe mapema, mwanangu, mtu wako akiwa bado anaweza kukukasirikia.