Sema na Mgonjwa

Mara ya kwanza nilianguka mtihani wa leseni ya uuguzi kwa sababu ya kunyamaza. Nilipewa mgonjwa wa kuogesha kitandani; mikono ilifanya kila kitu sawasawa, lakini sikusema naye. Mtahini aliandika hivyo hivyo, nami nikatoka nikimlaani mpaka Makadara, mtu mzima nalia barabarani na beseni kwapani. Hospitali moja ilikubali kuniwekea kazi hadi mtihani wa pili, basi.

Mama akajitolea. Kiharusi kilikuwa kimemlaza kwenye chumba chetu cha juu, Mji wa Kale, na ilibidi aogeshwe kitandani kila asubuhi. "Nifanye mgonjwa wa mtihani," alisema. Nikianza kumwosha kimya, hukunja uso. "We! Mie gogo? Niambie wanifanya nini!" Nami naeleza kwa hasira: mama, sasa nakuosha uso, mama, sasa mikono, kifua, tumbo, miguu, na mgongo mwisho. Polepole ulimi ukazoea.

Siku nane kabla ya mtihani, mama akafariki.

Shangazi yangu ndiye huosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Aliniita nimsaidie, kwani mtoto wa kike ana haki hiyo. Nilishika kitambaa nikaanza usoni, kama nilivyozoea. "Mama, sasa nakuosha..."

Shangazi akanishika bega. "La, mwanangu. Huku husemi. Fuata mkono wangu."

Tukalikamua tumbo taratibu, tukamtawadhisha, tukamwosha kichwa, kisha ubavu wa kulia wote, toka shingoni hadi unyayoni, ndipo wa kushoto. Maji ya mwisho yalikuwa na kafuri. Niliuchukia ule ukimya, lakini niliutii.

Siku ya mtihani nilipewa bi kizee mmoja wa Majengo aliyevunjika mguu. Nikavuta pazia, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza ninachotaka kufanya, akakubali. Uso nikauosha vizuri, huku nasema. Halafu sijui nilipatwa na nini. Nilimwekea kiganja tumboni nikalikamua taratibu, kisha nikashika ubavu wa kulia, toka shingoni hadi unyayoni, kimya. Wallahi nilisikia harufu ya kafuri, na wodi nzima ilinuka dawa ya sakafu.

Bi kizee akanidaka mkono, macho yamemtoka.

"Mwanangu," alisema, "mie ningali hai."

Mtahini hakuelewa. Aliona tu mgonjwa ameogopa na muuguzi amekuwa bubu tena, akaandika. Nilimwomba bi kizee radhi huku nalia, na yeye ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya leso yake. Kazi ile ya hospitali akapewa mwingine.

Sasa nimebakiwa na mara moja tu. Mwezi mzima karatasi ya hatua za kuogesha ilikuwa ukutani na beseni limekauka chini ya kitanda cha mama, nami siwezi hata kuligusa. Nimsemeshe nani, mto?

Jana asubuhi shangazi alikuja, hata hodi hakupiga. Mwanamke aliyeosha nusu ya maiti za mtaa huu akavua buibui lake, akajilaza pale pale alipolala mama, akafumba macho.

"Haya, nioshe," akasema. "Na ukinyamaza nakuzaba kofi."