Matongo ya Bibi

Likizo hii nimerudi Heru Juu kutoka shuleni Kibondo nikiwa nimechoka mpaka nywele. Nimechoshwa na ugali wa bweni, nimechoshwa na kengele, nimechoshwa hata na vichekesho vyangu mwenyewe, ambavyo ndivyo vilivyonipa umaarufu wote nilio nao. Nilikuwa nyuma ya bodaboda, begi mgongoni, vumbi jekundu mdomoni, nikainua kichwa kukitazama kilima chetu cha ng'ambo ya korongo. Upande mmoja haukuwepo. Umemegwa kama ugali, tonge baada ya tonge, na changarawe yake yote imekwenda kulala barabarani.

"Lami inakula, mdogo wangu," alisema dereva bila kugeuka. Nikamwomba asimame.

Wewe ambaye hujafika kwetu utasema, kilima tu, kina nini. Basi twende, ila ujue hakuna njia ya mkato.

Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa na mwalimu wa maarifa ya jamii aliyetokea Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa rula. Siku moja alituonyesha kwenye simu yake picha za Albania, huko Balkani: milima ambayo hata vitabu vimeisahau, makorongo, kuta za mawe zilizobomoka. Simu ikapita dawati kwa dawati, kila mmoja akiiachia alama ya vidole vyenye mawese. Mwalimu akasema wapo watu wanaotoka mbali kwenda kupanda kule na kutazama tu. Nikauliza kama wakifika juu wanapewa chakula, maana kwetu mtu hapandi mlima bure; anafuata kuni, au mbuzi.

"Haya, mcheshi," akasema. "Jumamosi tutapanda kilima chetu wenyewe. Huko juu nasikia kuna matongo."

Darasa lote likaanguka kicheko. Matongo tuliyoyajua sisi ni yale ya machoni, asubuhi kabla hujanawa. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ya leo nimeshayanawa, labda nikutunzie ya Jumamosi." Kwa jibu hilo nikapewa kazi ya kubeba dumu la maji la safari nzima. Baadaye alitueleza kwa upole: tongo ni mahali palipokuwa na nyumba, watu wakahama, pakabaki pweke.

Jioni nilimsimulia bibi, mama yake mama, akiwa anamenya mihogo jikoni. Bibi aliingia nchi hii akitokea Burundi, akiwa bi harusi wa juzijuzi, na mpaka leo Kiswahili chake ni cha kuazima. Nyumbani Kirundi chake na Kiha cha majirani vimechanganyika hata havikumbuki mpaka ulikuwa wapi. Nikamwambia mwalimu anatupeleka kutafuta matongo. Kisu kikasimama. Kwa lugha yake itongo ni ardhi ya ukoo: pale mlipojenga, mnapolima, mnapozika.

"Anatafuta itongo la nani?" akauliza.

"Lolote tu, bibi. Lisilo na watu."

Hakumenya tena muhogo hata mmoja jioni ile.

Jumamosi tulimkuta ametutangulia korongoni, amevaa kitenge cha kanisani, fimbo mkononi. "Mwakeye, mwalimu," akamwamkia. "Nimesikia unatafuta itongo. La kule juu lina mwenyewe." Wenzangu wakanitazama kama mimi ndiye niliyemzaa. Mwalimu akampa shikamoo mbili mfululizo, kisha akasema, "Basi bibi, tuongoze."

Korongo lile lilikuwa na baridi ya chungu cha maji. Nyani walitubwekea toka mawe ya juu, maji yakapiga kelele chini, na bibi alikaa kwenye kila jiwe lililokuwa na sura ya kiti. "Magoti haya yamezeeka kabla yangu," alikuwa akisema. Nikamwambia apande juu ya dumu niwabebe pamoja. "We mwana," akanijibu akihema, "ulizaliwa ukitanguliza mdomo."

Juu hapakuwa na ukuta wala nguzo. Palikuwa na duara la mnyaa, ule mti wa ua usio na majani, umeota mrefu kuliko mwalimu. Mimi nikapenya kwenye pengo na dumu langu. Bibi akanirudisha. "Kwa watu huingii dirishani." Akatuzungusha wote hadi upande wa pili ulipokuwa mlango, akasimama hapo, akatukaribisha mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na mafiga matatu meusi na jiwe la kusagia lenye shimo lililochimbwa na mikono ya bibi.

Mwalimu akakohoa kidogo. "Watoto, hili sasa ndilo tongo. Wenyewe walihama..."

"Sikuhama," bibi akasema. "Enzi za vijiji vya ujamaa tuliambiwa tushuke karibu na barabara, tukashuka. Mimi nilitoka tu." Kisha akaelekeza fimbo chini ya mnyaa, kwenye mawe yaliyopangwa, mafupi kama kitanda cha mtoto. Alikuwa kifungua mimba wake, aliyekufa kabla ya kuota meno. "Huyu hakushuka. Ua huu ukifa, nani atajua kuwa hapa kuna mtu?"

Mwalimu akavua kofia. Bibi akafungua majani ya mgomba, tukala mihogo na maharage ya mawese, tumeketi kwa adabu kama tuko sebuleni kwa mtu. Nami sikusema kitu cha kuchekesha mpaka tuliposhuka.

Ndiyo maana juzi nilimsimamisha dereva, nikavuka korongo na kupanda kwa miguu. Mnyaa wote ulikuwa umesukumwa na tingatinga, umelala rundo moja na udongo. Nikavunja tawi, nikafika nalo nyumbani.

Macho ya bibi sasa yana ukungu. Akanijua kwa hatua. "Umepita njia ya kule. Ua upo?"

Nikamwekea tawi mkononi. Akalipapasa taratibu, kifundo kwa kifundo.

"Na mwanangu?"

"Wameshapita pale, bibi."

Akaliweka tawi mapajani. "Kanawe mikono," akasema mwishowe, "utomvu wake unapofusha." Na nilipokuwa nanawa: "Itongo halibebwi, mwana wangu. Umeniletea ukuni."

Asubuhi yake nilikuwa nakwenda chooni na matongo yangu machoni nikajikwaa. Tawi limesimikwa katikati kabisa ya njia, udongo umeshindiliwa kwa mikono. Mjomba alifoka kuwa litaumiza watu, lihamishwe nyuma ya jiko. "Wazunguke," bibi akasema, akaendelea kumenya mihogo.

Mwalimu alishahamishwa, nyani sijui wamekwenda wapi, na malori bado yanashuka na kilima kidogokidogo. Tawi lenyewe bado ni kijiti tu, kuku wanalidonoa. Ila leo asubuhi nimemwona mjomba, mlalamikaji mkuu, ameshika tumbo, ana haraka ya chooni. Alipolifikia akapunguza mwendo, akalizunguka polepole, kama mtu anayetafuta mlango.