Fundi wa Shokapu, Busunzu

Fundi baiskeli wa hapa Busunzu ana vidole vinene, lakini shokapu za mbele anazigusa kama mama anayepima homa ya mtoto. Huibonyeza baiskeli kwa kifua, husikiliza inavyorudi juu, huguna, hukaza nati kidogo, kisha hubonyeza tena. Hata mteja akinuna, fundi humjibu polepole.

Juzi Shadia, muuza dagaa, alitaka mbele ya baiskeli yake painuliwe kupita alama ya mwisho kwenye shokapu, asiiname sana akiteremka mlima na mzigo.

"Pakizidi hapo gurudumu linakuwa jepesi, dada. Litayumba."

"Inua tu, fundi. Mgongo unaoniuma ni wangu."

Hakubishana. Aliinua, akafunga tenga la dagaa nyuma, kisha akapanda yeye mwenyewe na kuteremka mlima kuijaribu. Kwenye kona ya kwanza usukani ulicheza, akaangukia majanini. Tuliokuwapo tulimkimbilia. Tulimkuta ameketi, anaokota dagaa na kuwapuliza vumbi.

"Bora nimeanguka mimi," akamwambia Shadia. "Sasa turudishe kwenye alama?"

Shadia alichuchumaa kando yake, akaanza kuokota naye. "Turudishe, kaka."