Asilimia Nne Zilizomzuia Fundi Cherehani

Saa moja asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajalala chini ya mashine ya mionzi, mwanamke wa makamo anapanga vibao vya plastiki juu ya kitanda cha mashine hiyo. Vinashika nafasi ya mwili wa mtu. Katikati anachomeka kifaa cha kupimia, anatoka, anafunga mlango mzito na kuwasha mionzi.

Kompyuta inaonyesha kuwa mionzi imezidi kwa asilimia nne. Mwisho unaoruhusiwa ni tatu. Anarudia. Jibu ni lilelile.

"Hatufungui," anawaambia wenzake.

Yeye ndiye mwanafizikia wa tiba pekee hospitalini hapa. Daktari huamua saratani ipewe mionzi kiasi gani. Yeye huhakikisha kiasi hicho ndicho kinachofika, mahali panapotakiwa. Ana shahada ya fizikia na ya uzamili katika fizikia ya tiba, kisha alifanya kazi miaka miwili chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kusaini peke yake.

"Mama mkwe anajua mimi ni fundi wa mashine," anasema. "Kila nikienda kwake nakuta redio mbovu inanisubiri."

Nje anasubiri fundi cherehani anayetibiwa saratani ya koo. Amebakiza dozi moja. Kesho anamwoza binti yake, na basi la kwao linaondoka saa sita mchana.

"Mwanangu, asilimia nne ndiyo nini?" anauliza. "Mimi suruali za watu napunguza kwa kukadiria, na wanavaa."

"Suruali ukikosea unafumua, baba. Mionzi haifumuliwi."

Mzee anacheka kwa sauti ya mkwaruzo. "Basi fanya haraka, au ukaoze wewe."

Mwanafizikia anarudi ndani, anakagua umbali, joto, kanieneo ya hewa. Vyote viko sawa. Hatimaye anabomoa rundo na kuhesabu vibao. Ni tisa, vinatakiwa kumi. Kila kibao hupunguza mionzi kidogo, na kwa kuwa kimoja kimepungua, mingi zaidi ilifika kwenye kifaa. Mashine ni nzima.

Kibao cha kumi kinapatikana chumba cha chai, kimebeba birika na vikombe vinne.

"Nilijua ni sinia!" anasema muuguzi mgeni, mikono kichwani. Chumba kizima kinaangua kicheko, mwanafizikia akiwa wa kwanza. Kisha anakiosha, anakikausha na kupima upya. Tofauti sasa haifiki hata nusu ya asilimia.

Saa tano kasoro fundi anatoka, dozi ya mwisho ameshapata, begi begani.

"Karibu harusini," anamwambia. "Ila hivyo vibao viache hukuhuku."

Mwanafizikia hafichi kosa lake. "Nilivipanga kwa mazoea. Nikahangaika na hewa na joto, wakati mtu wa pili angehesabu tu akaniambia."

Mtu huyo yuko njiani: mwanafizikia msichana anayemaliza mwaka huu mafunzo yake chini ya uangalizi, na hospitali imekubali kumwajiri. Meza yake imeshawekwa, ikitazamana na ya mwenyeji wake.

"Wa kuniitikia simtaki," anasema mwanafizikia huku akiisogeza karibu zaidi. "Nataka wa kunibishia."