Zaburi Niliyotaka Kuiimba Peke Yangu

Mwanangu, nimesikia wewe ndiye utakayeimba zaburi Jumapili ya Pasaka, na furaha niliyo nayo hata chai imenipoea mkononi! Keti kidogo. Kuna Pasaka moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo uso wanichoma.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, tukikaa mtaa wa Buxton, mjini kule pwani, baba akifanya kazi kwenye reli. Mwalimu wetu wa kwaya, Mzee Mwakio, alinipa zaburi: niimbe beti, kanisa zima liitikie. Kiitikio, Aleluya ya Pasaka, aliwafundisha watu Jumapili tatu baada ya ibada. Kilikuwa chepesi, nami kwa ujuaji wangu nikakiona cha kitoto. Nikatunga changu, chenye madaha na sauti ya juu kabisa. Sikumwambia mtu.

Siku ikafika. Kanisa limejaa, akina mama wamevaa leso mpya, makuli wa bandarini wametoka zamu na kuja moja kwa moja na nguo za kazi. Kwaresima nzima hawakuimba Aleluya ndani ya ibada, mwanangu! Walikuwa na hamu nayo. Nikaimba kiitikio changu, nikainua mikono wapokee. Kimya. Wakatazamana. Nikarudia, juu zaidi. Kimya!

Ndipo Mama Righa, ajuza wa benchi la mbele, akasema bila kunong'ona, "Shusha, mwanangu, nasi tupate kuingia. Pasaka hii ni yetu sote."

Aibu iliyoje! Nikashika sauti ya chini, nikaanza kile kiitikio cha Mzee Mwakio. Lo! Kanisa lililipuka. Vigelegele, makofi, makuli wakivuma kwa besi mpaka nikahisi sakafu inatetemeka. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia, na sijawahi kufurahi vile. Mzee Mwakio alinipa mkono baadaye, akasema, "Sasa umeimba."

Kwa hiyo, mwanangu, beti ni zako, zipambe upendavyo. Ila kiitikio ni cha watu. Kianzishe pale sauti ya bibi wa miaka themanini inapofika, kisha uwape nafasi, usikilize. Sauti yako ikizama ndani ya zao, usiitafute.

Mungu akujaze pumzi, akulinde na ujuaji ulionipata mimi, na kila utakapofungua kinywa usikose watu wa kukuitikia.